Kushoto Sitini

Nesi wa zahanati alimwambia mambo matano, na Bi Mkasi, ambaye hajawahi kupewa maagizo akayapuuza, aliyaandika yote kwenye karatasi ya kaki iliyobaki kwenye violezo vya kukatia nguo kazini. Kutembea nusu saa kila siku. Kupunguza chumvi. Kulala mapema. Kunywa maji ya kutosha. Na asubuhi, kabla ya kazi, kukaa kimya dakika tano akivuta pumzi taratibu.

"Dawa nitakupa," nesi alisema huku akimfungua mkanda wa kipimo mkononi, "lakini dawa peke yake ni sawa na kukausha sakafu bomba likiwa wazi. Presha yako iko juu, mama. Kitu gani kinakukimbiza?"

Bi Mkasi alicheka kwa adabu. Angeanzia wapi? Mama yake mzazi aliangushwa na kiharusi mwaka uliopita, baada ya kuificha presha miaka na miaka. Alikuwa fundi cherehani; sasa mkono wake mmoja ulikuwa umelala mapajani kama mzigo wa mtu mwingine alioombwa amshikie. Kila alfajiri Bi Mkasi alimwosha, akamnywesha chai kwa kijiko, akamwacha kwa jirani, ndipo akaenda kazini. Huko kazini kulikuwa na oda ya makoti ya shule, na shule zilikuwa zinafunguliwa baada ya wiki tatu. Na tangu mwezi uliopita, mkono wake mwenyewe, ule wa kukatia, ulikuwa umeanza kutetemeka.

Ulitetemeka kidogo tu, kama uzi wa cherehani inaposhona. Hakumwambia mtu.

Katika karakana ya sare, mshonaji akikosea ameharibu nguo moja. Mkataji akikosea ameharibu sitini. Kitambaa hutandazwa mezani tabaka juu ya tabaka, kiolezo kikachorwa kwa chaki juu kabisa, kisha kisu cha umeme kikapita mara moja na kukata matabaka yote. Sasa, kitambaa cha makoti kina uso na mgongo: uso unang'aa, mgongo umefifia. Ni lazima matabaka yatazamane, uso kwa uso. Hapo ukikata kipande cha mbele unapata nusu vya kushoto na nusu vya kulia. Ukiyatandaza yote yakiangalia juu, vyote vinatoka upande mmoja. Ndiyo maana mkataji, kabla ya kuwasha kisu, hufunua pembe ya rundo na kuangalia. Ni kazi ya sekunde kumi. Bi Mkasi aliifanya kwa miaka kumi na tisa, bila kufikiri, kama mtu anavyobisha hodi.

Yale mambo matano aliyashika kama oda nyingine. Nusu saa ya kutembea aliimaliza kwa dakika ishirini na mbili, kwa kuwa kumwosha mama kulikula muda. Binti yake alimsindikiza siku moja, akaachwa nyuma.

"Mama, unatembea au unafukuzwa?"

"Natembea kwa ajili ya afya."

"Afya gani hiyo ya kuhema? Mtu akituona atadhani tumeiba kitu."

Maji aliyanywa chupa nzima kwa mkupuo, kusudi ahesabu kwamba amemaliza. Alilala mapema, macho makavu, akipanga violezo kichwani. Na zile dakika tano za kuvuta pumzi alizikalia kwenye kigoda nyuma ya meza ya kukatia, jicho moja limefumba, lingine kwenye saa ya ukutani.

"Jamani, kelele zipungue," alisema mshonaji wa cherehani ya kwanza, mwanamke ambaye karakana nzima ilimwita Redio kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia. "Bi Mkasi anaomba umeme usikatike."

Watu walicheka. Bi Mkasi naye alitabasamu, lakini alianza kuhesabu upya, kwa sababu kicheko kilimharibia dakika ya pili.

Jumanne moja mama yake alimwaga chai kitandani, na kila kitu kikachelewa. Alifika karakana jasho likimtiririka, akanywa maji yake, akaketi. Msaidizi wake wa kutandaza, mwanamke mrefu mwenye miaka kama thelathini waliyemwita Futi, alikuwa ameshalibeba jora la kitambaa cha makoti begani. Futi alitoka chumba cha pasi miezi miwili nyuma. Alikuwa na mikono mizuri, ila vitambaa alikuwa bado anavijua kwa kuuliza.

"Bi Mkasi, hili nalo nilitandaze kama la jana?"

La jana lilikuwa kitambaa cha ndani ya koti, kisicho na uso wala mgongo. Hicho unatandaza upendavyo. Bi Mkasi alikuwa kwenye dakika ya tatu. Akifungua mdomo, ingebidi aanze upya, na muda hakuwa nao. Aliitikia kwa kichwa.

Alipoinuka, rundo lilikuwa tayari, limenyooka kama limepigwa rula, na saa ilikuwa imeshamwacha dakika kumi. Aliweka kiolezo, akapiga chaki, akawasha kisu. Pembe hakuifunua.

Ilipofika saa nne Redio alishika vipande viwili, akavigeuza, akavigeuza tena.

"Bi Mkasi, huyu mtoto wa koti hili mmemzaa wapi? Ana kushoto mbili."

"Chukua kingine kwenye bando la vipande."

"Nimechukua. Huyu naye ana kushoto. Na huyu. Ukoo mzima!"

Cherehani tatu nne zilikoroma kwa kicheko pamoja na wenyewe, kisha zikanyamaza moja baada ya nyingine, kwa sababu Bi Mkasi hakucheka. Alikuwa ameinama juu ya mabando, anafunua pembe, sasa. Vinang'aa. Vinang'aa. Vinang'aa. Vipande sitini vya mbele, vyote vya kushoto. Cha kulia hata kimoja hakikuwapo.

Futi alishika mdomo. "Ni mimi. Mungu wangu, ni mimi niliyetandaza."

"Uliniuliza," alisema Bi Mkasi. "Mimi nikaitikia. Usilie juu ya kitambaa, kitapata madoa."

Msimamizi alikuja. Hakuwa mtu wa kufoka. Alikuwa na tabia ya kusugua kipaji cha uso wake mpaka pakang'aa, na siku hizo hapakuwahi kufifia. Aligeuza vipande vitatu, akavirudisha.

"Angekuwa mwingine, dada, ningepiga kelele. Kwako hata sijui nianze vipi."

"Anza tu."

"Wenye shule wanachukua makoti wiki ijayo. Jora lililobaki ni moja, nalo ni la saizi ndogo." Alishusha sauti, ingawa haikusaidia kitu katika ukimya ule. "Nikiona meza imekushinda, kwenye vifungo kuna nafasi. Sikutishi. Nakwambia ujue. Na hayo mambo ya kufumba macho asubuhi, yabaki nyumbani."

Vifungo! Huko walikaa wale ambao macho au migongo iliwaishia, wakishona vitundu mpaka siku ya kuagwa. Na alichokiogopa zaidi Bi Mkasi hakikuwa kigoda cha vifungo. Alikiogopa kile ambacho kingekuwa kimethibitika: kwamba mkono wake umeanza safari ya mkono wa mama yake.

Akajikaza kisabuni. Kichwa kilikuwa kinamgonga, lakini hesabu za kitambaa kilikuwa bado kinazijua.

"Haijapotea," alisema. "Saizi kubwa tulitaka makoti thelathini, na ndogo thelathini. Kushoto thelathini zinabaki zilivyo. Kushoto thelathini zilizozidi tunazipunguza pembeni ziwe saizi ndogo. Jora lililobaki tunalitandaza lote kwa upande mmoja, likiangalia chini, tunapata kulia za saizi zote mbili. Litabana, lakini litatosha."

Msimamizi aliacha kusugua uso. "Kupunguza kunabakiza kiasi gani cha kukosea?"

"Upana wa chaki."

"Basi kata wewe. Sasa hivi."

Futi alipanga vipande thelathini, kingo juu ya kingo, akavibana kwa vibanio. Bi Mkasi aliweka kiolezo kidogo juu ya kikubwa na kuchora. Hata mstari wa chaki ulimtoka na mawimbi. Akaufuta kwa kiganja, akachora tena. Akawasha kisu.

Kisu cha umeme kina mlio wake, na watu wa karakana huusikia bila kuusikiliza. Alikisogeza mpaka kwenye ukingo wa kitambaa. Ncha ilicheza. Alikirudisha nyuma, akakisogeza tena, akaishika mashine kwa mikono miwili. Ncha ikacheza zaidi. Masikio yalikuwa yanapiga kama ngoma, na mbele yake kulikuwa na vipande thelathini ambavyo havikuwa na vingine vya akiba. Alijiambia avute pumzi. Alivuta. Alijiambia ahesabu hadi nne. Alihesabu haraka, kama mtu anayelipua kazi, na hapo hapo alijisikia anavyolipua.

Siku kumi na mbili alikuwa akifanya kila kitu alichoambiwa, na hata mara moja hakuwa amepunguza haraka.

Alizima kisu.

Vichwa viliinuka kote. Ukimya wa ghafla wa kisu wote waliujua: umeme umekatika, au mtu ameumia.

"Sikati," alisema Bi Mkasi.

"Umeumia?" aliuliza msimamizi.

"Bado. Nina presha. Nesi alinipima, iko juu sana. Mkono unatetemeka tangu mwezi uliopita." Aliunyoosha mbele ya watu wote, vidole vikicheza vyenyewe. "Tazameni. Ndio huu."

"Na mwezi mzima umeshika kisu hivyo hivyo?"

"Mwezi mzima."

Redio ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake:

"Dada yangu, mficha maradhi..."

"Malizia tu, methali yenyewe naijua."

"Simalizii. Sitaki." Redio alinyanyuka, akasukuma kiti chake mwenyewe, chenye mto, mpaka kwenye meza ya kukatia. "Kaa. Hicho kigoda chako ndicho kinachopandisha presha."

Bi Mkasi alikaa.

"Futi," alisema, "shika kisu."

"Mimi? Baada ya niliyofanya asubuhi?"

"Ya asubuhi yalikuwa yangu. Una mkono uliotulia, nimeuona kwenye pasi. Macho nitakuwa nayo mimi."

Msimamizi alikuwa bado amesimama. Bi Mkasi alijua neno lolote analolingoja, "hapana" au "vifungo", lingeweza kutoka wakati huo. Msimamizi alisogea kando, akaipisha meza. Futi aliwasha kisu.

"Usikisukume. Kiache kiende chenyewe. Hapo pumua. Nikisema pumua, na wewe pumua, usiniitikie kwa kichwa."

"Napumua."

"Sikusikii."

Futi alipumua kwa nguvu mpaka Redio akaguna kicheko. Kisu kiliingia mstarini. Bi Mkasi alikifuata kwa macho, inchi kwa inchi, na kwa kuwa hakuwa na lingine la kufanya, alivuta pumzi kila alipomwambia Futi avute. Walipomaliza ubavu wa kwanza, mapigo ya masikioni yalikuwa yamesogea mbali kidogo. Hayakwisha. Mkono nao uliendelea kutetemeka juu ya meza, mbele ya watu.

Msimamizi alikiinua kipande cha juu, akakipima na kiolezo, akapima na cha chini kabisa. Vililingana.

"Huyu akipelekwa vifungo," alisema Futi bila kugeuka, "mimi narudi pasi. Hizi hesabu zake sizijui."

"Na mimi nahamia vifungo," alisema Redio.

"Basi karakana nzima twende vifungo, tukashone vifungo kwenye nini sijui." Msimamizi alirudisha kipande mahali pake. "Dada, kuanzia kesho uje saa mbili badala ya saa moja. Kisu atashika Futi. Wewe upange na ukague. Wiki mbili."

"Na baada ya wiki mbili?"

"Sijui. Nikisema najua nitakuwa nakudanganya."

Saa nzima asubuhi. Bi Mkasi aliifikiria: mama akinyweshwa chai bila kijiko kugonga meno. Kisha akafikiria wiki mbili zinavyokwisha upesi, na wasiwasi ukamrudia. Alitaka kumuuliza zaidi msimamizi, angalau amwahidi jambo. Lakini Futi alikuwa amefika kwenye kona ya kwapa, na kona ya kwapa haimtaki mtu anayeangalia pembeni.

"Taratibu hapo," alisema, na kusogeza kiti karibu. "Taratibu. Tuna siku nzima."