Breki ya Mbele ya Yasiin

Siku kaka yangu Yasiin alipotutoka, mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri. Alikuwa akishuka mteremko wa Ntinda na trei za mayai nyuma ya baiskeli, akiyapeleka sokoni Nakivubo kama kawaida yake. Breki zake zilikuwa za raba, zile zinazobana ringi ya gurudumu huku na huku. Ringi ikilowa, raba huteleza kwanza ndipo ishike. Siku hiyo, kwenye makutano ya chini, haikushika. Waliomkimbiza hospitali ya Mulago walirudi na ndala zake.

Tukabaki mimi na Mama, na baiskeli iliyopinda uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu.

Mama alitaka iuzwe kama chuma chakavu. Mimi nilitaka kuipanda. Wafuga kuku wa Ntinda walikuwa bado wanauliza nani atachukua mayai yao, na kazi ile Yasiin aliijenga mwenyewe, geti kwa geti. Sikutaka mtu mwingine aje kuiita yake.

Halafu jioni moja Mama, akichagua mchele, akasema bila kuniangalia, "Zulaikha, utapanda. Lakini siku ya mvua utashuka na mayai, na mimi nitasimama palepale chini. Ukisimama mbele yangu, kazi ni yako. Ukinipita, baiskeli naipasua kwa shoka."

Niliipeleka Nakivubo kwa Jean-Pierre, fundi Mkongomani aliyekuwa akitaniana na Yasiin kila jioni.

"Dada, rudisha breki za raba," alisema. "Raba utapata hata kwa muuza njugu. Diski ikikufia njiani, utaenda kuililia wapi?"

"Na ringi ikilowa, nitaililia wapi?"

Alitaka kucheka, kisha akakumbuka. Akanieleza taratibu. Diski ni sahani ndogo ya chuma katikati ya gurudumu, mbali na maji na tope la barabara, na breki hubana sahani hiyo badala ya ringi. Mbele ingewezekana, kwa sababu uma ulikuwa lazima ubadilishwe. Nyuma haiwezekani, fremu ya zamani haina pa kuifungia.

Kibandani mwake kulikuwa na baiskeli mbili za wateja, moja ya raba na moja ya diski. Nikaomba jerikeni ya maji. Nikainua kila moja, nikazungusha gurudumu, nikalimwagia maji, nikavuta breki. La raba liliendelea kuzunguka kidogo, kama mtu anayeitwa akajifanya hasikii. La diski lilinguruma, likasimama.

"Mbele diski, nyuma raba," nikasema.

"Unawaweka wake wenza nyumba moja. Watagombana."

"Watazoeana."

Alipomaliza nilizijaribu zote mbili, zikashika. Kesho yake ilikuwa arobaini ya Yasiin.

Katika ukoo wetu, kitu cha marehemu hakiingii mkono mwingine mpaka shangazi akipake mafuta ya msandali, kipokelewe na harufu nzuri. Shangazi Kaltumi alikuwa ameshapaka tasbihi ya Yasiin, kiti chake, hata redio. Sikuwaza kwamba baiskeli nayo ni kitu cha marehemu.

Baada ya dua, ambayo Jean-Pierre pia alihudhuria, wingu likaja juu ya mji. Mama akachukua mwavuli. "Ni leo," akasema, akatoka.

Niliisukuma baiskeli hadi juu, nikapakia trei, nikazifunga kwa mipira. Mvua ikaanguka. Ongom, mwendesha bodaboda wa steji ya pale, alikuwa amejibanza chini ya kibaraza na wenzake.

"Nyabo! Dada! Mayai hayo unayapeleka au unayakaanga njiani?"

"Tafuta chumvi, ssebo," nikamjibu bwana yule. " Nitakuletea."

Wakacheka. Nikapiga bismillahi, nikaachia.

Kwenye kona ya kwanza nilibana breki ya nyuma. Hakuna kitu. Nikabana tena kwa nguvu zote. Raba ilipita juu ya ringi kama mkono juu ya samaki, na hapo harufu ya msandali ikanijia usoni, katikati ya mvua. Nikajua. Shangazi alikuwa amezing'arisha ringi.

Chini kabisa Mama alisimama na mwavuli wake, mahali palepale. Hakusogea.

Nilibaki na breki moja, na sikujua kama nayo imepakwa. Nikarudisha mwili nyuma, juu ya uzito wa mayai, gurudumu la nyuma lisiinuke. Nikavuta kwa vidole viwili. Diski ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia, ikashika. Nikalegeza, nikavuta. Mti ukanipita polepole, halafu ukuta. Nikaanza kuhesabu matofali, mwendo ulivyopungua. Nikavuta mara ya mwisho, na tairi ikasimama ikigusa upindo wa leso aliyojifunga Mama.

Mama aliangusha mwavuli. Akashika usukani kwa mikono miwili, akapiga kigelegele ambacho sikuwa nimekisikia tangu msiba, na juu kule Ongom na wenzake wakajibu kwa honi zote.

Shangazi Kaltumi alifika akihema, Jean-Pierre nyuma yake.

"Shangazi, umepaka ringi?"

"Zote mbili! Huoni zinavyowaka?"

"Na ile sahani ya mbele?"

"Ile? Niliiogopa. Nilidhani ni kisu, ingenikata kidole."

Jean-Pierre alikaa chini kwenye tope akicheka. Tukafungua trei. Yai moja tu lilikuwa na ufa, na Shangazi akaapa kwamba kuku alilitaga hivyo.

Siku hizi Shangazi hupaka mafuta fremu na kiti tu. Mayai ya Ntinda nayapeleka mimi.