Modemu ya Ukumbusho

Jumanne iliyofuata Ardis Tollefsrud alikuwa aende hospitali mjini Fargo kupasuliwa koo, na daktari alishamwambia kwamba sauti yake huenda isirudi. Kabla ya hapo alitaka aongee na binti yake Marlys, muuguzi wa misheni huko Papua. Kule hakuna simu. Kuna mtandao wa setilaiti, nao wanaupata Jumamosi tu, saa nane hadi saa tisa mchana kwa saa zetu.

Nyumba ya mchungaji ilikuwa na mtandao, ila ngazi zake zilishikwa barafu na Ardis anatumia kiti cha magurudumu. Tukaamua kompyuta ya kanisani ivute mtandao huo bila waya. Duane Hovland, fundi umeme mstaafu, alinunua kadi ya kunasia mtandao, akafika Jumamosi saa nne asubuhi. Mimi nilikuwa nachemsha kahawa.

Aliipachika kadi. Mtandao ukashika, spika zikanyamaza. Akaichomoa. Spika zikalia, mtandao ukapotea. Alinieleza kwamba ndani ya kompyuta kila kadi ina namba yake ya kubishia hodi. Kadi mpya na kadi ya sauti zilikuwa zimepewa namba moja, kwa hiyo ilifunguliwa moja tu. Dawa yake ni kuhamishia mpya kwenye nafasi nyingine. Nafasi zilikuwa tatu, na ya tatu ilikaliwa na modemu, kadi ya zamani ya kupata mtandao kwa laini ya simu, ambayo haijatumika tangu laini ikatwe.

Modemu hiyo ilitolewa kwa kumkumbuka mume wangu, Norval. Kibati cha shaba kwenye kasha la kompyuta kinasema hivyo. Kanisani kwetu kitu cha ukumbusho hakihamishwi mpaka baraza likae, na hakizungumzwi mbele ya mjane. Tuna piano ya ukumbusho iliyokufa mwaka 1961. Tunaizunguka.

Basi Duane akafanya mengine yote. Alifuta programu akaiweka upya. Alisugua meno ya kadi kwa kifutio cha penseli. Alibadilishana nafasi zile kadi mbili, zikagombana vilevile. Kila mara aliitazama modemu, akanitazama mimi, akaomba kahawa. Kufika saa saba alikuwa amekunywa vikombe sita. Akasema upepo wa leo si mbaya sana. Nikasema si mbaya.

Sitadanganya, nilikuwa nangoja aniulize. Norval ana miaka minne kaburini, na hakuna anayelitaja jina lake mbele yangu. Nilitaka mtu mmoja alitaje. Mungu anisamehe, kwa ajili ya hilo nilikaa kimya saa tatu nzima.

Ardis aliletwa saa saba na nusu. Alitazama kompyuta iliyofunguliwa, akamtazama Duane, kisha mimi. Sauti yake tayari ilikuwa inakwaruza.

“Lorna, we mwanamke,” akasema, “hiyo modemu ya Norval mnaitoa leo, au mnasubiri na mimi nipate kibati changu?”

Duane aliinamia kikombe chake.

“Alikuwa hajaniuliza,” nikasema.

“Ningeanzaje, dada?” Duane akakiambia kikombe.

Nikachukua bisibisi nikaitoa mwenyewe. Ilikuwa na skrubu moja tu. Duane akahamisha kadi mpya, akawasha. Mtandao ukashika na spika zikalia. Ilikuwa saa nane kasoro dakika tano.

Ardis aliongea saa nzima. Alimuuliza Marlys kama anakula. Habari ya upasuaji aliitaja kwa sentensi moja, kati ya theluji na mbwa wa jirani. Marlys akaomba waseme pamoja ile sala ya chakula ya utotoni, ingawa mezani hapakuwa na chakula. Ardis akaisema yote, polepole, hakuruka neno, nasi tukaitikia.

Sauti kutoka kule huchelewa njiani. Amina ya Marlys ilifika baada ya yetu, na Ardis aliingoja ndipo akafumbua macho.