Chipu Iliyong'aa

Watu wa maabara walimwita Jicho, kwa kuwa ndiye aliyepima kila chipu kabla haijatoka. Chipu yenyewe ni ndogo kuliko punje ya mchele. Imetobolewa matundu elfu elfu yaliyojipanga, na katikati umeachwa ujia wa nuru. Matundu huibana nuru isitoroke. Inapopita humo polepole, gesi yenye sumu huimega kidogo, nuru ikapungua, na kifaa kilichobeba chipu hiyo hulia. Hivyo ndivyo wachimbaji mgodini hujua kukimbia. Mmoja wao alikuwa mdogo wake Jicho, kitinda mimba wa mama yao.

Juzi kifaa kimoja kilirudishwa kutoka mgodini kwa kupiga kelele kutwa wala gesi haipo.

"Kelele za chura tu hizo," alisema bosi. "Kama nuru inayofika ni haba, kizoeshe hiyo hiyo. Kiambie ndiyo kawaida, watu wafanye kazi."

Jicho hakuipenda kauli ile hata chembe, lakini bosi akishakunja ndita, nani abishe? Akakizoesha. Mdogo wake mwenyewe ndiye aliyekuja kukichukua, akimtania kwamba amezeeka kwa kuchungulia.

Leo ndipo alipopata nafasi ya kuweka chini ya kamera chipu pacha, iliyotobolewa pamoja na ile ya kifaa hicho. Chipu njema hubaki giza, maana nuru yote imo ndani inasafiri. Hii ilichora mstari mweupe wa kupendeza, mwanzo hadi mwisho.

"Inang'aa vizuri hiyo!" bosi alisema akipita.

"Inavuja." Jicho aliinama juu ya kamera. "Kuta za matundu zina mikwaruzo. Nuru inamwagika njiani, inayofika mwisho ni kiduchu mno. Gesi ikiimega, kifaa hakitajua. Bosi, tumekiziba masikio!"

Alinyakua simu, akapiga mgodini. Iliita mpaka akakata tamaa, ndipo mdogo wake akapokea.

"Dada! Mkono wako una baraka. Kifaa kimetulia tuli, hakijalia hata mara moja."

"Tokeni nje! Wote, sasa hivi!"

"Polepole basi, kichwa kinaniuma. Hata wenzangu vichwa vinawagonga tangu tuingie. Wawili wamejilaza." Akapiga mwayo mrefu. "Ngoja na mimi nikae kidogo, halafu nitawaamsha."

"Usikae! Mdogo wangu, usikae!"

Simu haikukatika. Ilibaki wazi, naye Jicho akaendelea kumwita.