Nesi Asiyesalimiwa

Habari hii alinisimulia Vumilia mwenyewe, mwaka jana wakati wa kuchuma pamba, siku aliyopita hapa Kambarage kuniangalia mguu. Vumilia ni mtoto wa mdogo wangu wa Ushirombo, na ni nesi. Alimaliza kunifunga bandeji, akakaa mkekani, akanyoosha miguu, akaanza kuongea kana kwamba tulikuwa tumeshafika katikati ya mazungumzo. Nami nawapa kama nilivyopewa.

Asubuhi hiyo zahanati ilikuwa imejaa mpaka nje, na hakuna hata mmoja aliyemsalimia.

Akina mama walikaa kwenye mabenchi na watoto mapajani, wanaume wameegemea ukuta, na kila Vumilia alipotokea mlangoni macho yote yaliinama chini kama ya watu wanaotafuta sindano iliyodondoka. Akaita wa kwanza. Akaingia Bibi Tereza, kizee cha watu chenye ulimi mkali na goti bovu. Bibi Tereza hakumtazama. Aliutazama mzani wa kupimia watoto, ule unaoning'inia kwenye boriti.

"Mzani," akasema, "mwambie huyo mtu goti langu limeanza tena."

Vumilia naye akaugeukia mzani. "Mzani, mwulize bibi, vidonge nilivyompa alivimaliza?"

"Mwambie nilimeza nusu. Nusu nikampa shemeji yangu. Kwani yeye hana magoti?"

Huko nje watu wakacheka, kanga midomoni. Kicheko hakikukatazwa. Kilichokatazwa ni salamu.

Hicho kijiji, ukiacha lami pale Tinde unakwenda ndani mwendo mrefu wa baiskeli. Ni watu wa ng'ombe na pamba, Wasukuma wenyewe hasa, na wana desturi yao ya msiba. Akifa mtu, kila nyumba inatoa mtu. Wanaume wanachimba kaburi, wanawake wanakuja na maji, kuni na unga, na mnakaa wote mpaka marehemu azikwe. Asiyefika bila sababu anatengwa. Kutengwa si kupigwa wala kutukanwa. Ni kuachwa. Hakuna atakayekusalimia, hakuna atakayekuuzia chumvi, ukifika kwenye pampu ya maji wenzako wanatwaa ndoo zao na kukupisha kimya, mpaka ulipe mchenya, ile faini ya kijiji, ambayo kwa mtu mwenye kazi yake ni dume la ng'ombe. Na atakayekusalimia kabla hujalipa, naye atalipa.

Sasa Vumilia alikosa kumzika mama yake Mihayo.

Mihayo alikuwa mtu wa makamo, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, na mama yake alikuwa bibi wa kijiji kizima. Siku ya maziko Vumilia alikuwa peke yake zahanati. Tabibu alikuwa amehamishwa na mwingine hajaletwa, nesi mwenzake alikuwa masomoni. Kitandani kulikuwa na mama aliyeshikwa na uchungu, mtoto ametanguliza matako, na kibarazani watoto wa homa wamelala kama nguo zilizoanikwa. Akaona afanye uungwana kwa njia aliyoiweza. Akampa jirani rambirambi apeleke, na salamu za pole.

Ndipo alipoharibu kabisa. Kama asingetuma kitu wangesema labda hakusikia. Lakini hela ilifika na mwenyewe hakufika, maana yake alisikia na akapima, akaona hela inatosha.

"Hela yako ilikuja, wewe hukuja," ndivyo alivyoambiwa na Ndaki, mwenyekiti wa sungusungu, alipokuja kumsomea adhabu. Na hayo yakawa maneno ya mwisho kuambiwa ana kwa ana na mtu mzima pale kijijini.

Cha ajabu ni kwamba hawakuacha kuja kutibiwa. Nani aache? Zahanati nyingine iko mbali. Walikuja vilevile, wakajaa vilevile, wakaongea na mzani, na mlango, na watoto wao wachanga. "Mwanangu, mwambie huyo mtu usiku ulitapika." Na Vumilia anampa dawa mtoto mchanga na kumweleza namna ya kuitumia, mama akisikiliza huku anatazama dari. Akirudi kwake mchana anakuta hana kibiriti, na duka la Enock liko hatua chache, na Enock akimwona anaanza kuhesabu sabuni.

Siku hizo hizo ndipo Paskazia alipompigia simu. Paskazia walisoma naye unesi, akaenda kuajiriwa kwenye kliniki ya mgodi mmoja huko upande wa Geita. Akamwambia nafasi imetoka. Mshahara ni mara tatu ya wake. Unafanya zamu yako, ikiisha anaingia mwingine, wewe unakwenda nyumbani.

"Nyumbani kufanya nini?" Vumilia akauliza, na alikuwa anauliza kweli.

"Kulala, mjinga wewe! Watu wanalala. Halafu utamchukua Benjamini akae na wewe."

Benjamini ni mwanawe. Alikuwa analelewa Ushirombo na bibi yake, kwa sababu mama anayeitwa kila saa hawezi kumwacha mtoto wa miaka mitano peke yake nyumbani. Vumilia aliposikia jina la mtoto alikaa chini. Akamwambia Paskazia ampe muda kidogo afikiri. Nafsi yake ilikuwa imegawanyika. Akiwatazama wale waliomtenga anasema kesho naondoka. Akimshika mzazi anayetetemeka anasema nikiondoka, huyu atashikwa na nani?

Basi akaja Mihayo. Alikuja na binti yake mdogo anayeharisha, akasimama na kuuambia mlango, "Mtoto hana nguvu tangu juzi." Vumilia akampokea mtoto, akakoroga maji ya chumvichumvi, akaanza kumnywesha kwa kijiko, taratibu, kimoja kimoja. Alikuwa hajalala vizuri sijui tangu lini. Kijiko kikiwa njiani, macho yakafumba. Alilala pale pale amesimama, mkono uko hewani, na kijiko hakikumwagika. Mtoto alifungua mdomo akangoja.

Mihayo aliona. Alisogea, akafungua kinywa aseme, "Mama, kaa kidogo," akakumbuka kwamba haruhusiwi, tena yeye ndiye aliyedai adhabu. Akabaki hivyo, kinywa wazi kama cha mwanawe. Kisha Vumilia akashtuka, akaendelea kama vile hakuna kilichotokea. Mihayo alimbeba mtoto wake akaondoka, na siku hiyo hiyo akaenda kwa Ndaki kuomba kikao.

Wakaitisha dagashida, baraza la kijiji kizima, jioni jua likiwa bado. Vumilia akawekwa kwenye kigoda cha peke yake, kando.

Ndaki akaanza. "Mtu huyu ameambiwa alete dume. Hajaleta. Mshahara wa serikali anakula kila mwezi. Aseme ng'ombe wetu yuko wapi."

Siku hiyo aliruhusiwa kujibu. "Ng'ombe nimtoe wapi, baba? Mshahara ukiingia unakuta watu wameshapanga foleni mlangoni. Mama yangu, mwanangu, wadogo zangu wa shule, mkopo. Mimi huwa nausikia tu umepita."

"Hata mimi!" akadakia Enock wa duka. "Mimi nalima pamba. Bei ikianguka nani ananiongezea? Kila mtu anataka aongezwe. Walimu nao. Sasa hiyo hela serikali itachuma kwenye mti gani?"

Watu wakaguna kumkubali, maana hakusema uongo.

Vumilia akasema, "Sisi manesi tumeomba siku nyingi. Tunaambiwa kazi yetu ni wito."

"Wito!" Bibi Tereza akaruka, akasahau kabisa kuongea na mzani. "Hata padri ana wito, na kuku mnampelekea!"

Kikao kikavurugika kwa kicheko. Ndaki alipowatuliza, Mihayo akasimama.

"Mama yangu alipozikwa," akasema, "Jilala hakuwepo."

Jilala alikuwa mchunga wake wa ng'ombe, mwanaume mzima wa kuajiriwa.

"Jilala ni mchunga," Ndaki akasema. "Mchunga husamehewa. Ng'ombe hawaachwi peke yao. Hata mtoto anajua."

"Na wale waliokuwa wamelazwa zahanati?"

"Wagonjwa. Wanasamehewa."

"Basi mgonjwa tumemsamehe," Mihayo akasema polepole, kama anayevuta kamba ya ndoo nzito, "na mwenye ng'ombe tumemsamehe mchunga wake. Aliyekuwa anawachunga wagonjwa ndiye tumemtoza dume. Ndaki, kaka yangu, hao ng'ombe ndio wanaoweza kufa wakiachwa, wanetu hawawezi?"

Mtu mmoja alikohoa tu.

"Mimi ndiye niliyedai. Nilikuwa na uchungu wa mama. Sasa naurudisha mdomo wangu. Na kuanzia leo, msiba ukitokea, maji ya nesi na kuni za nesi zitatoka kwangu."

Ndaki alikaa anachora chini kwa fimbo. Mwisho akafuta alichochora kwa kisigino. Akamgeukia Vumilia, akamwambia kwa sauti ya wote, "Mwadila, Mama Benjamini." Yaani amemsalimia salamu ya jioni. Mara moja salamu zikamwagika kutoka kila upande, shikamoo kwa marahaba na mwadila, watu wakigombea kumfikia, na Enock akakimbia dukani akarudi na kibiriti na chumvi, hataki kulipwa.

Vumilia alilia. Lakini alikuwa na neno bado, na aliona kuwanyamazia wakati huo ni kuwaibia. Akasimama, akafuta uso, akawaambia habari ya mgodi, mshahara wake na zamu zake, na mwanawe. Akasema watu wa mgodi bado hajawajibu.

Pale ndipo walipojua walichokuwa karibu kukipoteza.

"Usiende, mwanangu," Bibi Tereza akasema.

"Tukuchangie," mwingine akadakia. "Kila nyumba gunia la mahindi."

Vumilia akatikisa kichwa. "Nikianza kula mahindi yenu, kesho mwenye gunia na asiye na gunia wakija pamoja, nitaanza na nani?"

Wakakubaliana Ndaki na wenzake waende halmashauri kuomba nesi wa pili, na kusema manesi wanastahili kulipwa vizuri zaidi. Nao walikwenda kweli, baadaye, wakapokewa kwa heshima, wakaambiwa maombi yamesikika na mishahara hupangwa juu. Lakini hayo ni ya baadaye. Jioni ile watu walitawanyika, na kabla giza halijaingia vizuri Vumilia akaitwa kwa mzazi.

Mtoto alizaliwa alfajiri, wa kike. Jua lilipopanda Vumilia alikuwa ameosha vyombo vyake, amerudi nyumbani kwake nyuma ya zahanati, amekaa kizingitini na viatu mkononi. Mihayo akaja. Alikuwa ametumwa na kijiji kuchukua jibu, na uso wake ulionyesha kwamba naye hakupata usingizi.

"Mwangaluka, Mama Benjamini," akamsalimia salamu ya asubuhi.

"Mwangaluka, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Tumesikia umetuletea msichana."

"Mzima. Mama yake pia."

Mihayo akaketi kwenye benchi chini ya dirisha. Hakumharakisha. Kuku walipita, wakarudi.

"Naenda, baba," Vumilia akasema. "Mwisho wa mwezi. Si kwa sababu ya mlichonifanyia, hilo limekwisha. Kama serikali ingenilipa nusu tu ya wanachotoa wale, na kuniletea mwenzangu mmoja, nisingeondoka hapa. Nafahamu nani anasema uongo kuhusu vidonge na nani presha yake inapanda akigombana na mkewe. Huko sijui mtu. Lakini mwanangu amemwita bibi yake mama. Nimemsikia kwenye simu."

Mihayo akageuka kutazama upande wa zizi lake.

"Jilala," akasema, "nampa mtamba kila mwaka. Mwaka nitakaposhindwa atanirudishia ng'ombe wangu zizini, wote, jioni, na atakwenda. Nami sitamlaani. Nitamsindikiza mpaka barabarani." Akavuta pumzi. "Ila nitakuwa sina mchunga."

"Ndiyo, baba."

"Nitawaambia."

Hakuondoka lakini. Akamtazama machoni, ndipo akasema lile neno alilolikosa siku ile ya kijiko. "Kalale, mama. Mimi nakaa hapa. Anayekuja na damu au na uchungu nitagonga. Mwenye kikohozi atangoja."

Vumilia akaingia, akajilaza na nguo zake. Kupitia dirishani alisikia watu wa kwanza wakifika, na Mihayo akiwaambia kwa sauti nzito, "Kimya. Kaeni. Amelala." Wakakaa. Akasikia mtoto akibembelezwa, akasikia Bibi Tereza akinong'ona kwamba goti linaweza kusubiri, limesubiri miaka.

Halafu akasikia kitu kingine, kikubwa, kinapanda na kushuka. Mlinzi wake alikuwa anakoroma. Wagonjwa walikuwa wanamnyamazia na yeye.

Vumilia akacheka peke yake gizani mwa chumba kile chenye pazia, kicheko cha kwanza kwa siku nyingi. Akataka kuinuka akawaite, aanze na yule mwenye mtoto. Akaweka mguu mmoja chini. Akaurudisha kitandani, akageukia ukuta, akalala.