Pale Sauti Ilipokatika

Msusi alikuwa amefika nusu ya kichwa cha mteja redio ilipopiga wimbo wa tamthilia aliyoitazama utotoni. Vidole vikamganda nyweleni.

Televisheni ya kwao, enzi hizo, ilikuwa na wazimu wake. Wimbo huo ukifika kwenye kiitikio, sauti ilikatika, picha zikabaki zinapita bubu. Mama hakukubali kushindwa na sanduku. Aliizaba kofi, kisha akaimba mwenyewe, kwa sauti ya kukwaruza na maneno ya kujitungia, mpaka sauti irudi. Watoto walicheka hadi mbavu zikawauma.

Televisheni ilikufa kwanza, na mama akaapa kwamba imemkimbia. Mwaka jana naye akafariki.

Sasa redio iliupiga wimbo bila kukwama. Kwenye kiitikio, pale pa mama, akaingia mwanamke mwingine, sauti nyororo, maneno yamepangika. Msusi akapandwa na hasira.

“Huyu naye kaitwa na nani?” akanung'unika.

“Si ndiye mwenye wimbo?” mteja akauliza.

 Kiitikio kilipokaribia tena, msusi alinyoosha mkono akapunguza sauti ya redio mpaka mwisho, akasubiri mama aingie.