Malkia Asiyegusa Maji Baridi

Yule fundi wa makochi alikuwa na ulimi mkali kuliko sindano zake, na aliyechomwa zaidi ni dada yake mkubwa. Walifanya kazi pamoja, yeye akigongomea mbao, dada akishona vitambaa. Dada alipoanza kukwepa maji baridi, akisema vidole vinakufa ganzi na kuwa vyeupe kama chaki, fundi alimbandika jina: Malkia. Karakana nzima ikacheka.

Mwaka uliofuata ngozi ya mikono ya dada ilikaza ikang'aa, vidole vikapinda. Sindano ikawa inamponyoka.

"Kazi na uvivu havikai kochi moja," fundi alimwambia mbele ya wateja, akamwachisha kazi. Dada akakusanya sindano zake, akaondoka. Miaka sita hawakutembeleana.

Kisha binti wa fundi, aliyekuwa akisomea kuchora ramani za nyumba, alianza kuosha vyombo huku akilia. Fundi akaviona vidole: vyeupe, halafu vya bluu.

Hospitalini, vipimo vilipokamilika, daktari aliwaeleza kwamba kinga ya mwili wa binti imemgeukia mwenyewe. Inakaza ngozi, na inaweza kufika mapafuni.

"Kuna ndugu wa damu aliyewahi kupata hivi?"

Binti ndiye aliyejibu: "Shangazi yangu. Baba humwita Malkia."

"Ugonjwa wenyewe haurithiwi moja kwa moja," daktari alisema. "Kinachopita kwenye damu ni wepesi wa kushikwa nao. Wengi wanao wepesi huo na hawaugui hata siku moja. Huyo shangazi anatibiwa wapi?"

Hakuna aliyejua.

Walimtafuta shangazi, wakamkuta kwenye chumba chake cha kupanga, ameketi kitandani, anahema kama aliyetoka kupanda ngazi, mdomo umekaza hata kutabasamu ni kazi. Fundi alijiandaa kutukanwa. Angetukanwa, angepata nafuu. Akapiga magoti.

"Dada, nilikukosea."

Dada hakumtazama. Alikuwa ameshaiona mikono ya binti.

"Na wewe, mwanangu? Jamani, hata wewe?" Akaivutia kifuani mwake ipate joto, akalia kilio ambacho hakuwahi kujililia mwenyewe.

"Nisamehe, dada."

"Usimcheleweshe hospitali, mdogo wangu. Mimi nilikuamini. Nilidhani kweli ni uvivu."

Fundi alimpeleka dada pia kwa daktari yuleyule, lakini mapafu yalikuwa yameshajaa makovu. Kama alimsamehe ndugu yake, hakusema. Pumzi chache alizobaki nazo alimpa binti, akimuuliza kila asubuhi vidole vimeamkaje. Miezi mitatu baadaye akafariki.

Binti dawa zimemkubali. Ngozi haijakaza kupita viganja, na chuo anaendelea nacho. Watu humwambia fundi ashukuru, walau huyu wamemuwahi. Huitikia, "Nashukuru," kisha hutoka nje, akasimama ukutani peke yake mpaka uso utakapokauka.