Mkanda wa Ukutani

Mama mkwe wangu haoni. Macho yalimwishia polepole, na alipokuja kukaa kwetu miaka tisa iliyopita alikuwa akitofautisha mchana na usiku tu. Wakati huo mji wetu ulikuwa na mashine moja ya kusaga, seremala mmoja, na duka moja lililofungwa mwenyewe akijisikia usingizi. Jiji lilikuwa mbali kidogo. Halijasogea, lakini sasa liko karibu.

Alijifunza njia moja, ya kwenda kwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye miguu yake haimfikishi popote. Kila siku baada ya chakula cha mchana, mwenye miguu alimfuata mwenye macho. Mashine ikinguruma kushoto, alijua yuko nusu ya safari. Harufu ya maranda ikimpiga puani, alikata kulia kwa seremala. Kisha aliingia kwenye kiwanja kitupu ambamo nyayo za watu zilikuwa zimetengeneza kijia kigumu. Akikanyaga nyasi, alijua amekosea, akarudi. Mbele ya kiwanja ni mlango wa wifi.

Ndipo watu wakaanza kuja. Mashine ikahama, pakawa duka la simu lenye muziki, na jirani yake likafunguliwa la pili lenye muziki wake. Kila Jumapili jioni nikawa namsomea Mama mji, kama mtu anayesoma gazeti.

"Seremala ameacha mbao. Sasa anatengeneza milango ya chuma."

"Nilijua. Tangu Alhamisi pananuka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Haya, endelea."

Mimi ni mwashi. Sikusomea, nilianza kwa kubeba matofali na kutazama mikono ya wengine. Mji unavyokua ndivyo ninavyokula, kwa hiyo siulalamikii.

Mwaka huu nilipata kazi ya kujenga ukuta kuzunguka kiwanja kile kitupu. Mwenyewe anakaa jijini, tukaelewana kwa simu. Nikapima, nikavuta kamba, nikaanza kuchimba msingi na mwenzangu. Jumapili ile nilimsomea Mama habari zote: nguzo mpya za umeme, duka la rangi, kliniki inayoezekwa. Ya kiwanja sikuitaja. Nilijiambia kwamba tutafika kijiani Alhamisi, basi nitamwambia Jumatano. Ukweli ni kwamba niliona haya. Habari nyingine zilikuwa za watu, hii ilikuwa yangu.

Udongo ulikuwa laini kuliko nilivyokisia. Tulifika kijiani Jumanne asubuhi. Saa nane, nikiwa upande wa pili nasogeza kokoto, nilisikia sauti tulivu ikiuliza, "Hapa pamekuwaje?"

Mama alikuwa ameketi ndani ya msingi, goti linavuja damu.

Mke wangu alimwosha lile goti. Alipomaliza kulifunga ndipo aliponigeukia.

"Kuanzia leo hatoki peke yake."

"Nani atampeleka? Wewe uko kwenye cherehani mpaka jioni, mimi niko kazini."

"Basi asiende. Leo ni goti, kesho shingo."

Mama hakubisha, naye ni mtu wa kubishia hata chumvi. Hilo lilinitisha kuliko damu. Siku nne alikaa kwenye kiti kile kile, mikono mapajani, akiuliza saa ngapi.

Siku ya tano wifi yake alikuja kwa pikipiki ya kukodi, akashushwa kama gunia la unga.

"Wifi," akaanza kabla hajaketi, "nasikia ulikwenda kujaribu kaburi."

"Nilijaribu. Fupi. Nikaona litakufaa wewe."

"Mimi na kitambi hiki? Mkweo itabidi aongeze upana."

"Mkwe wangu anapima matofali. Siku ndizo zinazomshinda."

Walicheka mpaka wakafuta machozi. Mimi niliangalia chai yangu.

Mgeni alipoondoka, Mama aliniita.

"Huo ukuta utakuwa na urefu gani?"

"Kwa hatua zako, kama sitini. Halafu kona. Halafu arobaini mpaka kwa wifi yako."

"Utanyooka?"

"Mama, najenga mimi."

"Basi unahangaika nini? Kijia kile kilikuwa kinapinda, na mvua ikinyesha kinapotea. Ukuta ulionyooka kwangu mimi ni fimbo ndefu. Kosa lako ni moja tu, hukuniambia."

"Nisamehe, Mama."

"Nimeshakusamehe. Nenda kajenge."

Likabaki jambo moja. Mwenye kiwanja alikuwa ameagiza kwamba upande wa nje upigwe plasta ya kurusha, ile yenye vijiwe vikali. Mkono ukiburuzwa hapo hatua mia, hurudi bila ngozi. Nikampigia simu, nikamweleza yote, pamoja na msingi na goti, nikaomba niache mkanda laini wa kupitishia mkono.

"Kumbe hapo pana njia?"

"Palikuwa na njia, bosi."

"Kwenye karatasi haikuwepo."

"Nyayo haziandikwi kwenye karatasi."

"Huo mkanda laini unaoutaka una upana gani?"

"Kiganja."

"Usiupake rangi nyeupe, basi. Utachafuka. Paka kijivu."

Nilimsimamisha Mama mlangoni, nikapima kwa futi kutoka chini hadi kwenye kiganja chake. Kwa kimo hicho nikalainisha mkanda kuuzunguka ukuta mpaka kwa wifi, nikiukagua kwa pima maji kila hatua mbili usije ukapanda wala kushuka. Hatua tatu kabla ya kona nikapachika kipande cha kigae ili vidole vijue.

Mke wangu aliuangalia ukuta, akaupapasa mwenyewe macho yakiwa yamefumbwa. "Sawa," akasema. "Lakini siku ya kwanza umfuate, na asijue."

Kwa hiyo Jumatatu baada ya chakula nilivua viatu, nikavishika mkononi, nikamfuata kwa nyuma. Alipita maduka ya muziki, akakata kulia penye harufu ya chuma, akanyoosha mkono. Ukuta ulimpokea. Alianza kwa hatua ndogo, kisha za kawaida. Alipogusa kigae alipunguza mwendo, akaizunguka kona. Nami nikaizunguka.

"Mwanangu," akasema bila kugeuka, wala hakusimama. "Vaa viatu. Misumari ya mbao zako za kujengea imejaa hapo."

"Umenisikia?"

"Sijakusikia. Nimenusa saruji ikitembea. Mwambie binti yangu kona nimeipita."

Kutoka mlango wa mwisho sauti ikapaa, "Chakula kimepoa tangu mwezi uliopita, wifi!"

"Kipashe!" akajibu, mkono ukiwa bado ukutani.

Nikavaa viatu, nikainama, nikaanza kuokota misumari.